Jatiluwih na Zamu ya Maji

Mgeni anayefika Jatiluwih huonyeshwa majaruba. Yamepangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko wa mlima Batukaru, wilayani Tabanan, kisiwani Bali, mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kweli yanapendeza: kingo zinapinda na kupindika zikifuata mikunjo ya kilima, na msimu wa kupandikiza kila jaruba linang'aa maji. Lakini anayetaka kuijua historia ya mahali hapa na ashuke kwenye mfereji, atafute gogo lililolazwa kukatiza mkondo. Gogo hilo limechongwa mapengo ya kina kimoja, ila upana unatofautiana. Pengo pana linapeleka maji kwa wenye majaruba mengi, jembamba kwa wenye machache. Mto ukipungua, kila pengo linapungukiwa kwa kadiri yake. Ukifurika, kila mmoja anafaidi kwa kadiri yake. Hakuna mita wala karani. Anayehisi amepunjwa anainama, anapima upana wa pengo lake, kisha anapima la jirani.

Wanaogawana maji ya mfereji mmoja ndio wanaounda subak, ushirika wa wakulima uliodumu karne nyingi huku dola za Bali zikija na kuondoka. Maandishi ya kale ya mwaka 896 yanataja mafundi wa kuchimba mahandaki ya maji, na katika karne ya 11 jina la ushirika huo tayari linaonekana kwenye amri za wafalme. Mahandaki hayakuwa anasa. Bali ni kisiwa cha volkano, na mito yake imechimba makorongo marefu kwenye majivu yaliyogandamana yakawa jiwe; mkulima anaweza kuusikia mto ukivuma chini yake na asipate hata ndoo moja ya kumwagilia. Ilibidi watu wapande juu mlimani, wajenge banio pale ambapo mto bado haujazama, kisha wayashushe maji kwa mifereji na mahandaki umbali mrefu hadi shambani. Kijiji kimoja hakiwezi kazi hiyo. Ndiyo maana mipaka ya subak haifuati mipaka ya kijiji wala ya ufalme: inafuata maji. Watu wa vijiji viwili wanaweza kuwa wanachama wa subak moja, na mtu mwenye mashamba sehemu mbili akawajibika kwa subak mbili.

Subak ya Jatiluwih ina hekta 300 hivi, zimegawanywa katika vikundi saba, kila kimoja na mfereji wake. Kiongozi wao, pekaseh, huchaguliwa na wakulima wenyewe. Wana sheria ndogo zao, ambazo zamani ziliandikwa kwenye majani makavu ya mtapa: nani azibue mfereji, nani alinde banio, faini ya kuiba maji usiku ni kiasi gani. Kwenye vikao mwenye jaruba moja anazungumza kama mwenye kumi. Baadhi ya wasomi wa Magharibi waliona taabu kuliamini jambo kama hili. Mwaka 1957 mmoja wao, Karl Wittfogel, alichapisha kitabu kikubwa akidai kwamba kilimo cha umwagiliaji huzaa watawala madikteta, kwa kuwa lazima awepo mmoja wa kuamuru mifereji ichimbwe. Bali ilimsuta. Wafalme wa Tabanan walitoza kodi, walifanya sherehe za fahari na kupigana na jirani zao, lakini maji waliyaacha mikononi mwa wakulima. Mwaka 1906 Waholanzi walipoiteka Bali ya kusini, mfalme wa Tabanan alijisalimisha pamoja na mwanawe, na wote wawili wakajiua wakiwa kizuizini. Kasri likanyamaza. Huko Batukaru miche ilipandikizwa kama kawaida.

Sasa niliseme jambo ambalo picha za Jatiluwih haziwezi kulionyesha. Mpunga unahitaji maji, hilo kila mtu analijua. Lakini majaruba yanahitaji pia kukauka, na yanahitaji kukauka kwa pamoja. Wadudu na panya wanaoishi kwa mpunga hufa njaa pale eneo kubwa linapokuwa halina mpunga wowote kwa wiki kadhaa. Mkulima mmoja akikausha peke yake hapati faida, kwa sababu panya watahamia kwa jirani na kurudi mavuno yakikaribia. Kwa upande mwingine, wote wakipanda siku moja, wote watataka maji siku moja, na mto hautatosha. Kwa hiyo kazi kubwa ya subak ni kupatana juu ya kalenda: ni bonde gani lianze, ni lipi lingoje, na ni lini kila mmoja afunge maji. Mapatano hayo hufanyika hekaluni. Kila banio lina hekalu lake, kila kundi la subak lina hekalu kubwa zaidi, na kwa watu wa mteremko huu la juu kabisa ni Pura Luhur Batukaru, lililo msituni. Sadaka anazopelekewa Dewi Sri, mungu wa mpunga, zina siku zake, na siku hizo ndizo ratiba ya shamba.

Serikali ya Indonesia ya miaka ya 1970 iliona dini tu hapo. Nchi ilikuwa na njaa ya mchele, na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, ilikuwa imetoa mwaka 1966 mbegu ya IR8, fupi ya shina na yenye mavuno makubwa. Mabwana shamba walipita vijijini na mikopo, mbolea za viwandani na viuatilifu, wakiwahimiza wakulima wapande mara kwa mara bila kungojea zamu wala sherehe. Miaka ya mwanzo maghala yalijaa. Kisha akaja mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa shina, na hakukuwa tena na wiki ya ukame ya kumfisha. Ilipoletwa mbegu iliyomshinda yeye, ukaja ugonjwa wa virusi uitwao tungro. Dawa zilizopulizwa ziliua buibui na samaki kabla ya kuua mdudu aliyekusudiwa. Mwaka 1986 serikali yenyewe ikapiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga.

Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1979, Benki ya Maendeleo ya Asia ilifadhili mradi mkubwa wa umwagiliaji kisiwani. Wahandisi waliyatazama magogo yenye mapengo wakayaona ya kizamani, wakaweka mageti ya chuma yanayofunguliwa na kufungwa kwa gurudumu. Mhandisi aliona ufanisi. Mkulima aliona kitu ambacho mwenye ufunguo anaweza kukigeuza usiku. Mageti mengi yaliachwa wazi, mengine yakazungukwa kwa mifereji ya kando.

Aliyewaletea wataalamu hoja ya wakulima kwa lugha yao ni Stephen Lansing, Mmarekani aliyesomea jamii za watu, akishirikiana na mwanaikolojia James Kremer. Walitengeneza programu ya kompyuta yenye subak 172 za mito miwili ya Bali, wakajaribu kila mpangilio: kila subak ijiamulie, au bonde zima lipande pamoja, au vikundi vya kati vipatane. Mavuno bora yalitoka kwenye vikundi vya kati, na vikundi hivyo vilikaribia sana vile ambavyo mahekalu yalikuwa yakiviunganisha siku zote. Kitabu cha Lansing kilitoka mwaka 1991. Binafsi nakisifu kwa nusu moyo. Wakulima walikuwa wameshairudia kalenda yao kabla ya kompyuta kuwaruhusu, na inasikitisha kwamba ushahidi wa mavuno yao haukutosha mpaka uchorwe kwenye grafu.

Jatiluwih ilikuwa na bahati ya ubaridi. Huku juu mpunga wa zamani, mrefu wa shina na mwekundu wa punje, hustawi vizuri, na wenyeji hawakuuacha. Hadi leo mwaka umegawanywa: msimu wa kwanza, unaoanza karibu na Januari, ni wa mpunga mwekundu, unaokaa shambani miezi mitano au zaidi; msimu wa pili ni wa mbegu mpya za muda mfupi. Mbegu mpya hupigwapigwa palepale shambani na kutiwa guniani. Mwekundu huvunwa suke kwa suke kwa kijisu kinachofichwa kiganjani, ili Dewi Sri asishtuke, kisha hufungwa matita na kupelekwa ghalani. Kazi hiyo hula siku nyingi. Baada ya mavuno hufunguliwa bata, nao huokota punje zilizodondoka na kula wadudu.

 

Mwaka 2012 UNESCO iliyatia majaruba haya kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na mahekalu na mashamba mengine ya subak, jumla hekta 19,500. Ni heshima waliyostahili, na ndipo balaa jipya lilipoanzia. Mgeni hukata tiketi mlangoni. Kandokando ya barabara pameota mikahawa. Jaruba likijazwa kifusi ili lijengwe banda la kupigia picha, maji yaliyokuwa yakishukia majaruba ya chini hukosa njia, na watoto wa wakulima wanaona mshahara wa hoteli za pwani unalipa kuliko siku ya kuvuna suke kwa suke.

Desemba 2025 wawakilishi wa bunge la mkoa walifunga majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria ya kulinda mashamba. Siku chache baadaye mabati yakasimama katikati ya mpunga, yakimeremeta juani na kuiharibu mandhari. Walioyasimika walikuwa wenye mashamba wenyewe, waliosema wamechoka kuona watu wakilipa kulitazama jasho lao ilhali wao wakijenga kibanda cha chakula wanafungiwa. Sheria ya kulinda mashamba ni ya haki. Bila hiyo mteremko wote ungekuwa vyumba vya kulala wageni. Lakini sheria hiyo inalinda ardhi isijengwe, haimlipi mtu wa kuilima. Kuzibua mfereji, kulinda banio na kungoja zamu bado ni kazi isiyo na tiketi, na mgawo wa mapato ya mlangoni kati ya wilaya, kijiji na subak si pengo la gogo ambalo kila mkulima anaweza kuinama akalipima.