Makosa ya majina ya klasi katika programu za hifadhidata

Makosa ya majina ya klasi ni hitilafu zinazojitokeza pale programu inaposhindwa kuipata klasi inayowakilisha jedwali la hifadhidata, au inapoipata klasi lakini ikaenda kutafuta jedwali ambalo halipo. Hutokea katika programu zinazotumia kipatanishi, yaani msimbo unaosimama kati ya lugha ya programu na hifadhidata, ukigeuza safumlalo za jedwali kuwa vitu vya programu na kuvirudisha tena. Miongoni mwa vipatanishi vinavyofahamika ni Hibernate ya lugha ya Java, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Eloquent ya Laravel, kwa wanaoandika PHP. Na Active Record ya Ruby on Rails. Rails ilitolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark, na kipatanishi chake kina jina la muundo ulioelezwa na Martin Fowler katika kitabu chake cha mwaka 2002.

Jina linaloonekana kwenye ujumbe wa kosa mara nyingi halikuandikwa na mtu yeyote. Limetungwa na kipatanishi chenyewe kwa kufuata kanuni. Kwa hiyo anayelitafuta jina hilo ndani ya msimbo wake atapekua faili zote asilione. Swali la kujiuliza ni hili: jina hili limetungwa kutokana na neno gani, na kwa kanuni ipi?

Katika Rails kanuni ni kwamba klasi huwa na jina la umoja na jedwali jina la wingi. Wingi huo ni wa Kiingereza, na hapo ndipo mwandishi wa programu anayetumia maneno ya Kiswahili hujikwaa. Kiingereza hubadili mwisho wa neno. Kiswahili, kwa ngeli zake, hubadili mwanzo. Klasi iitwayo Kitabu hutafutiwa jedwali liitwalo kitabus. Mwenye klasi ya Mwandishi akiandika has_many :vitabu, yaani kwamba ana vitabu vingi, kipatanishi hujaribu kurudisha neno hilo kwenye umoja, hakioni herufi ya kuondoa mwishoni, kinaliacha lilivyo na kuomba klasi iitwayo Vitabu, ambayo haipo. Akisalimu amri akaandika kitabus, mambo hayanyooki: kanuni za Rails zinalinda neno la Kiingereza la basi, bus, lisinyang'anywe herufi yake ya mwisho, na kitabus linaishia vivyo hivyo. Klasi inayotafutwa inakuwa Kitabus.

Kali kuliko yote ni neno kata. Anayetengeneza mfumo wa anwani za Tanzania, akaiambia klasi ya Wilaya kwamba ina kata nyingi, ataletewa kosa la kukosekana kwa klasi iitwayo Katum. Jina hilo limetokana na kanuni iliyowekwa kwa maneno ya Kilatini yaliyoingia katika Kiingereza, kama data ambalo umoja wake ni datum. Lolote linaloishia na ta au ia hupitishwa humo. Ajabu ni kwamba jedwali lenyewe la kata hupatikana bila taabu, kwa kuwa upande wa wingi kanuni hiyohiyo huliacha neno kama lilivyo.

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kufungua konsoli ya Rails na kuandika "kata".classify au Kitabu.table_name, kisha kusoma jibu. Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kutaja jina waziwazi: class_name kwenye uhusiano, na self.table_name ndani ya klasi. Ya pili ni kuifundisha Rails wingi wa neno husika katika faili la config/initializers/inflections.rb. Kwa jedwali moja au mawili, ya kwanza inatosha na ni rahisi kwa atakayeusoma msimbo baadaye. Mfumo ukiwa na majedwali thelathini ya Kiswahili, ya pili haikwepeki.

Hibernate haina habari na wingi, lakini ina mitego yake. Maswali yake huandikwa kwa jina la klasi, si la jedwali, na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa. Aliyezoea SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, huandika vitabu mahali pa Kitabu na kuambiwa hakuna kitu cha namna hiyo. Kwenye Spring Boot, mfumo wa Java unaotumia Hibernate, jina la jedwali hubadilishwa hata pale ulipolitaja mwenyewe: WanafunziWetu hugeuka wanafunzi_wetu. Tangu Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, alama za klasi hutoka kwenye pakiti ya jakarta badala ya javax, hivyo klasi iliyobaki na pakiti ya zamani haitambuliki ingawa jina lake halina kasoro.

Kuna pia majina yaliyokwisha kuwa na mwenyewe. Klasi ya Java iitwayo Order huzaa jedwali order, neno ambalo SQL imejitengea. Katika Rails, safuwima iitwayo type huchukuliwa kuwa inataja klasi ndogo, na thamani kama "riwaya" ikiwekwa humo programu huanza kutafuta klasi ya jina hilo. Hapa Kiswahili kinaokoa: safuwima ikiitwa aina, tatizo halizuki.

Kosa linaloonekana kwenye seva pekee, huku kompyuta ya mwandishi ikiwa salama, aghalabu ni la herufi kubwa na ndogo. Kwa kawaida Linux hutofautisha Kitabu.php na kitabu.php; Windows na macOS hazitofautishi. Hifadhidata ya MySQL nayo hufuata mfumo inamokaa kupitia kigezo cha lower_case_table_names, ambacho kwa chaguo-msingi ni 0 kwenye Linux, 1 kwenye Windows na 2 kwenye macOS.

Kwa aliyechagua ile tiba ya pili, baada ya kubadili kanuni za wingi katika Rails, seva lazima izimwe na kuwashwa upya, kwa sababu faili za config/initializers husomwa mara moja tu, programu inapoanza.