Kuchagua Shule ya Kiangazi ya Akili Bandia

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama Marekani na Uingereza, shule hufungwa kwa muda mrefu katikati ya mwaka. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo huku kwetu ni miezi ya kipupwe na mawingu, kwao ni kiangazi. Jua huchelewa kuchwa na watu hutoka nje. Kijana wa huko hakosi la kufanya katika likizo hiyo. Mmoja hufanya kazi dukani, wa pili huenda kambini, na wa tatu huingia katika shule ya kiangazi, yaani masomo ya majuma machache yanayohusu fani moja tu. Siku hizi fani inayowavuta vijana wengi mno ni ya akili bandia, ile elimu ya kuiwezesha kompyuta kutenda mambo ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ni ya akili ya mwanadamu peke yake.

Huenda wewe, msomaji, umekwisha kuona tangazo la shule ya namna hiyo na moyo wako umeipenda. Baadhi ya shule hizo hupokea wanafunzi kutoka nchi za mbali. Nyingine hufundisha kwa njia ya intaneti. Ziko zisizotoza ada hata senti moja, na ziko zinazotoza maelfu ya dola, fedha ambazo wazazi wengi wa hapa hawawezi kuzipata ila kwa kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Kwa sababu hiyo uchaguzi huu si mchezo. Ukikosea, hutapoteza majuma matatu ya likizo tu. Utapoteza na jasho la watu wa nyumbani kwako. Basi kabla hujajaza fomu, sikiliza kwanza historia, maana viangazi vya elimu hii vimekuwako tangu ilipozaliwa, na vilivyopita vyaweza kutufundisha namna ya kuvipima vijavyo.

Jina lenyewe la elimu hii lilitokana na mpango wa kiangazi. Tarehe 31 Agosti 1955, wataalamu wanne wa Marekani waliandika ombi la fedha kwa Wakfu wa Rockefeller. Walikuwa John McCarthy, mwalimu wa hesabu katika Chuo cha Dartmouth. Marvin Minsky wa Chuo Kikuu cha Harvard. Nathaniel Rochester wa kampuni ya IBM. Na Claude Shannon wa maabara ya simu ya Bell. McCarthy na Minsky walikuwa bado hawajatimiza miaka 30. Dai lao lilikuwa kwamba kila sehemu ya kujifunza, na kila alama nyingine ya akili, yaweza kuelezwa kwa usahihi kiasi cha mashine kuweza kuiiga. Waliamini kuwa kundi la watu waliochaguliwa vyema, wakifanya kazi pamoja kiangazi kimoja, lingeweza kupiga hatua kubwa. Waliomba dola 13,500 ili watu 10 wakae pamoja kwa miezi miwili, wakapewa 7,500.

Kiangazi cha 1956 kilipofika, wataalamu walikusanyika Hanover, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire. Mambo hayakwenda kama yalivyopangwa. Wageni walikuja na kuondoka kama abiria katika kituo cha gari moshi, na wachache tu walikaa tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja alikuwa na njia yake mwenyewe, wala hakupenda kuiacha afuate ya mwenzake. Kazi iliyoonekana kuwa imekomaa ilikuwa programu ya Allen Newell na Herbert Simon, iliyoweza kuthibitisha kanuni za mantiki. Lakini hao walikuja nayo mkononi, hawakuitengeneza pale. Ukiupima mkutano ule kwa ahadi zake, utasema ulishindwa. Walakini watu wale waliachana wakiwa wamejuana, na kazi yao ikiwa imepata jina. Kwa muda wa miaka 20 iliyofuata, wao pamoja na wanafunzi wao ndio walioshika usukani wa elimu hii nchini Marekani.

Zingatia jambo hilo, kwa kuwa ndilo la kwanza la kukuongoza. Majuma machache hayawezi kumpa mtu ujuzi kamili. Yaweza kumpa maswali mema, na kumkutanisha na watu atakaoendelea kuyaulizana nao hata baada ya kurudi kwake.

Wakati huohuo shule za kiangazi za sayansi kwa ajili ya vijana wa sekondari zilikuwa zinaanza. Mwaka 1957 Arnold Ross alianzisha masomo ya kiangazi katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambayo baadaye yalihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Tarehe 4 Oktoba ya mwaka ule ule, Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuizunguka dunia. Wamarekani walishtuka, wakaona wamepitwa. Mwaka 1958 bunge lao lilipitisha sheria ya kutoa fedha nyingi kwa elimu ya sayansi, hesabu na lugha za kigeni, na hamu ya kuwatafuta vijana wenye vipaji ikaenea nchi nzima. Mwaka 1959 ikafunguliwa shule nyingine ya kiangazi katika mji wa Ojai, jimbo la California.

Tazama jinsi shule hizo mbili zilivyofundisha. Wanafunzi wa Ross walishughulika na nadharia ya namba, yaani tabia za namba nzima ambazo hata mtoto wa shule ya msingi anazijua kwa majina: namba tasa, vigawo na mabaki. Hawakupewa majibu ya kukariri. Walipewa mafumbo, wakatakiwa kuyafumbua na kuonyesha kwa hoja kwa nini jibu ni kweli. Wanafunzi wa Ojai walipewa kazi ya kuitazama sayari ndogo moja, kupima mahali pake mbinguni usiku baada ya usiku, na kuhesabu njia inayoifuata kulizunguka jua. Hakuna aliyeambiwa kuwa atarudi nyumbani akiwa mjuzi wa nyota zote. Lakini kila mmoja alirudi akiwa amefanya jambo moja la kweli kwa juhudi yake. Masomo yote mawili yamedumu zaidi ya nusu karne, na sababu yake haifichiki: aliyefanya kazi mwenyewe hasahau.

Sasa turudi kwenye akili bandia. Mwezi wa Julai 1966, Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria katika Afrika Kusini, aliandika mpango mfupi kwa wafanyakazi wa kiangazi wa Chuo cha MIT, ambao baadhi yao walikuwa wanafunzi. Kazi yao ilikuwa kuifundisha kompyuta kuona. Mwezi wa Julai mashine ingejifunza kutenganisha kitu na mandhari iliyo nyuma yake. Mwezi wa Agosti ingeendelea na vitu vigumu zaidi, kama pakiti ya sigara yenye maandishi, kisha zana na vikombe, na kuvitaja kwa majina. Kiangazi kilikwisha, na mashine haikuweza kuona. Jambo ambalo mtoto mchanga hulifanya bila kufundishwa, la kumtambua mama yake kati ya wanawake kumi, liliwashinda wataalamu wa chuo kikubwa.

Ilipita miaka 46 kabla ya jambo hilo kukaribia kutimia. Mwaka 2012, katika mashindano ya kutambua picha, programu ya watu watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto ilifunzwa kwa picha zipatazo 1,200,000 za vitu vya aina 1,000. Ikipewa nafasi ya kutaja majina matano kwa kila picha, ilikosea picha kama 15 katika kila 100, na iliyofuata ilikosea 26. Picha hizo zilitoka katika hazina iliyoanzishwa na Fei-Fei Li na wenzake, na majina yake yalihakikiwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi waliolipwa ujira mdogo mbele ya kompyuta zao. Jijini Nairobi pia wamekuwako vijana walioajiriwa kwa kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo usidhani kuwa mashine hujifunza peke yake. Nyuma yake kuna mikono mingi.

Basi tangazo likikuahidi kwamba kwa majuma mawili utatoka u mtaalamu wa akili bandia, kumbuka kiangazi cha 1966. Wale walikuwa na mashine, walimu na fedha, na bado walikadiria miezi miwili kwa kazi ya miaka karibu 50. Wao walikosea kwa nia njema. Anayekuuzia ahadi kama hiyo leo hana udhuru wao.

Yako pia masimulizi ya kutia moyo. Mwaka 2015 Fei-Fei Li, ambaye mwenyewe alifika Marekani kutoka China akiwa kijana, alishirikiana na mwanafunzi wake Olga Russakovsky na wenzao kufungua shule ya kiangazi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Waliona kwamba wanawake ni wachache mno katika elimu hii, wakaamua kuanza na wasichana wa sekondari. Walipokea 24 kwa muda wa majuma mawili. Badala ya kuwaanzishia hesabu zisizo na mwili wala sura, waliwaonyesha kwanza haja ya watu: namna kompyuta iwezavyo kusaidia kuchunguza kama watumishi wa hospitali wananawa mikono, au kuchambua ujumbe wa watu waliopatwa na maafa ili msaada uwafikie. Hesabu zilifuata, na ziliposomwa zilikuwa na maana. Mwaka 2017 likaundwa shirika la AI4ALL ili kuueneza mfano huo katika vyuo vikuu vingine.

Labda utauliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Machakos au wa Kisumu? Yanamhusu sana. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, binti wa wazazi wa Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu tatu za biashara zilizodai kujua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakufika hata 1 katika 100. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea karibu 35 katika 100. Mashine ilikuwa imefunzwa kwa nyuso za wengine, nayo ikawa kipofu kwetu. Asiyekuwako jikoni hana budi kula kilichopikwa. Ndiyo maana Waafrika wenyewe walianzisha mkutano wa masomo uitwao Deep Learning Indaba, uliofanyika mara ya kwanza Johannesburg mwaka 2017, na mwaka 2019 ukaja hapa kwetu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kumbe elimu hii haipatikani ng'ambo tu.

Kutokana na historia hiyo, jiulize maswali haya utakapochagua. Mwenye shule ni nani? Baadhi ya wafanyabiashara hukodi vyumba katika chuo chenye sifa, na mwanafunzi akadhani ameingia chuoni, kumbe amepanga chumba tu. Atakayekufundisha ni nani, naye amefanya kazi gani? Utafanya nini kwa mikono yako, na utarudi na nini cha kuonyesha? Je, shule huwachagua wanafunzi kwa mtihani au insha, au humpokea kila mwenye fedha? Shule zilizo bora hazihusiani sikuzote na ada kubwa. Research Science Institute, iliyoanza mwaka 1984, hufunza vijana waliochaguliwa bila kuwatoza ada ya masomo. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtafute aliyesoma huko kabla yako umsikilize yeye, wala usiridhike na picha za tangazo. Kisha hesabu pamoja na wazazi gharama yote: nauli, visa, chakula na ada. Kama hesabu hiyo inamnyima mdogo wako karo, shule hiyo si yako, hata ikiwa na jina la namna gani.

Hata hivyo usichague kupita kiasi, maana mchagua nazi hupata koroma. Na kama hukupata nafasi popote, usivunjike moyo. Matriksi na hesabu za uwezekano unazofundishwa darasani, ambazo pengine umekuwa ukizilalamikia, ndizo msingi wa mashine zote nilizozitaja. Mwanafunzi anayezielewa barabara katika likizo ya Agosti, akiwa na kitabu, daftari na wenzake wawili wa kuulizana nao, amekwisha kuingia katika elimu hii kwa mlango wa mbele. McCarthy na wenzake walipokutana Hanover hawakuwa na mwalimu wa somo hilo, kwa kuwa hakuwako duniani. Walikuwa na swali, na walikuwa pamoja. Hayo mawili wewe pia waweza kuyapata, na hayauzwi.