Mpanda, Mji Uliozaliwa na Risasi

Wengi wasikiapo jina la Mpanda hudhani ni mji wa kale kama Tabora au Ujiji. Sivyo. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe walikaa katika nchi ile tangu zamani, lakini vijiji vyao vilitengana mbali, na katikati yake lilikuwapo pori la miyombo lenye mbung'o. Ng'ombe hawakuishi humo, wala punda. Mzigo wowote ulipita kichwani mwa mtu. Tena ugonjwa wa malale ulipozidi, serikali ya Waingereza iliwatoa watu wengi wa magharibi katika vijiji vyao vya porini ikawakusanya mahali pamoja. Nyuma yao mashamba yakarudi kuwa msitu.

Basi mji ulitoka wapi? Ulitoka katika risasi. Hatusemi ile ya bunduki, bali madini yenyewe, ambayo katika lugha yetu yameshirikiana jina na kazi yake mbaya. Yalionekana katika vilima vya Mpanda katika miaka ya 1930, pamoja na fedha na dhahabu kidogo. Lakini risasi ni nzito kupita chuma, na bei yake ni ndogo. Mpagazi wa kuibeba mpaka Tabora angekula faida yote njiani. Kwa hiyo hapa reli ilitangulia mji. Njia kuu ya kati ilikuwa imekwisha fika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Pili likatolewa tawi kutoka Kaliua, kilometa 210 hivi kupita porini, likafika Mpanda mnamo mwaka 1950. Vibarua wakaja, na nyuma ya vibarua wakaja wenye maduka, kama ilivyo desturi.

Mgodi ule haukudumu. Ulifungwa mwaka 1960, na aliyeutazama mji siku hizo angeweza kuuhesabu miongoni mwa wafu. Kule kusini, reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, iling'olewa katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Ya Mpanda iliachwa. Kwa maoni yetu, jambo hilo moja ndilo lililouokoa mji.

Maana mwaka 1972 damu ilipomwagika Burundi, maelfu ya watu walikimbilia kwetu, wakapewa pori la Katumba, karibu na reli hiyo. Na mwaka 1978 wengine wakapelekwa Mishamo. Pori lililowashinda wenyeji likafyekwa na wageni kwa jembe la mkono. Mahindi, maharagwe na tumbaku vikaanza kushuka Mpanda, na maduka yakapata wanunuzi wapya. Wengi wa watu hao, na watoto wao waliozaliwa huku, walipewa uraia wa Tanzania miaka mingi baadaye.

Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulitengwa na Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Mwaka 2022 barabara ya lami ya Tabora kupitia Koga, kilometa 340 na zaidi, ilizinduliwa. Gunia la mchele wa Mpimbwe likipakiwa katika lori alfajiri pale Mpanda, laweza kushushwa Tabora kabla jua halijatua.