Kanumba: Mwigizaji Tuliyemwacha Nje ya Darasa

Makala haya yanamhusu marehemu Steven Charles Kanumba. Msomaji atakayeguna kwamba gazeti la uhakiki limeingiaje kwenye mambo ya bongo muvi, tunamwomba asome kwanza, aje agune baadaye. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tumeichambua mpaka kurasa zimelegea. Fani na maudhui, dhamira, migogoro, yote tumeyapanga ubaoni. Lakini mtu ambaye tarehe 10 Aprili 2012 alisimamisha jiji zima la Dar es Salaam, yeye hatumtii mezani. Siku ile umati uliofurika viwanja vya Leaders Club, na kisha makaburi ya Kinondoni, ulikadiriwa kwa makumi ya maelfu. Watu walizimia, wakabebwa. Wauza genge, makondakta, wanafunzi na wakubwa wa serikali, wote walikuwapo. Sasa hivi kweli, watu wote hao walikuwa wameona nini kwake ambacho sisi wahakiki hatukukiona?

Kupendwa kwa mwigizaji wa filamu si jambo la jana hapa nchini. Miaka ya 1950 Rashidi Kawawa alicheza katika Muhogo Mchungu, wakati huo hakuna aliyejua kuwa kijana yule angekuja kuwa Waziri Mkuu. Baada ya hapo filamu za kwetu zilinyesha kama mvua ya kiangazi, tone hapa, tone pale: Arusi ya Mariamu mwaka 1985, Maangamizi mwaka 2001. Zilikuwa kazi nzuri, zikasifiwa ng'ambo, ila mtu wa Manzese au wa Kahama angeziona wapi? Runinga yenyewe Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Ndipo vikundi vya maigizo vikapata kioo, Kaole wakawa wafalme wa ITV, na watu wakaanza kumwita mwigizaji kwa jina la mhusika wake barabarani.

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, na Kaole aliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pale ndipo shule yake ilipokuwa. Michezo mingi ya runinga ya wakati ule haikuwa na mazungumzo yaliyoandikwa neno kwa neno. Mwigizaji alipewa kiini cha onyesho, maneno akayatafute mwenyewe. Wasomi huwa tunalidharau jambo hili, tunaliita kukosa mswada. Mimi naona limekaa karibu sana na fasihi simulizi tunayoisifu darasani. Fanani wa ngano naye ana kiini tu, mengine huyaumba mbele ya hadhira. Ukimtazama Kanumba kwa jicho hilo, utaona kwa nini mazungumzo yake hayana harufu ya kukariri. Anasita, anarudia neno, anamkatiza mwenzake kama tunavyokatizana mezani nyumbani.

Na alijua kubadilika, bwana. Katika Oprah (2008), akiwa na Vincent Kigosi tumjuaye kwa jina la Ray, pamoja na Irene Uwoya, ni mtu wa mapenzi na usaliti wa mjini. Ukija kwenye Uncle JJ (2010), yupo na watoto wadogo, anachekesha. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kuigiza na watoto ni mtihani mgumu kuliko kulia. Mtoto hafichi, ukimdanganya kwa sauti ya uongo, uso wake utakusema mbele ya kamera. Kanumba alikubali kushuka. Aliwaachia watoto nafasi ya kung'ara, yeye nyota akawa wa kuchekwa. Mwaka uliofuata akatoka na Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria, nguvu za giza tupu. Mtu mmoja, na ndani ya miaka mitatu mtazamaji kamlilia, kamcheka na kumwogopa. Wengi wa rika lake walipopata sura moja iliyouza waliing'ang'ania mpaka ikachuja.

Tusimpambe marehemu kupita kiasi. Zipo filamu zake zenye visa vilivyonyooshwa kama mpira ili zitoke sehemu ya kwanza na ya pili. Gari linasubiri geti lifunguliwe, geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, na sisi tunasubiri tu. Kuna kuiga Nollywood waziwazi, majumba na kulipiza visasi. Na yale majina ya Kiingereza juu ya kasha wakati waigizaji wanaongea Kiswahili ndani! Lakini kabla hatujacheka, tukumbuke kuwa mwaka 2006 alicheza Dar 2 Lagos, iliyoongozwa na Mnigeria Femi Ogedegbe, akiwa na Mercy Johnson. Wakati wengine walilalamika kuwa kanda za Wanigeria zimejaa Kariakoo, yeye aliwafuata hukohuko akacheza nao.

Kiingereza ndicho kilichomletea aibu ambayo naiona kuwa ni ya kwetu kuliko yake. Mwaka 2009 alialikwa kama mgeni katika nyumba ya Big Brother Africa kule Afrika Kusini. Aliporudi, nchi ilikuwa inacheka. Ati Kiingereza chake kibovu. Nani walicheka zaidi? Waliosoma. Watu ambao wao wenyewe huanza sentensi kwa lugha moja wakaimalizia kwa nyingine, walimhukumu mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kwa Kiswahili na iliuzwa Kenya, Burundi na Kongo bila mkalimani. Wafaransa hawampimi mwigizaji wao kwa Kijerumani chake.

Kifo chake kilikuja ghafla mno, usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, katikati ya Pasaka. Alianguka chumbani kwake Sinza wakati wa ugomvi, akafariki akiwa na miaka 28 tu. Shauri lilikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Novemba 2017 likaisha kwa hukumu ya kuua bila kukusudia. Magazeti ya udaku yalikula sana habari hiyo. Sisi tuiache hapo. Filamu zake mbili, Ndoa Yangu na Love and Power, zilitoka akiwa ameshazikwa. Watu walikaa mbele ya runinga wakamwona marehemu anaongea, anacheka, anapanga mambo ya kesho.

Liko jambo linaloniuma zaidi, nalo ni la kibiashara. Kwa utaratibu wa miaka ile, mtayarishaji aliuza filamu yake jumla kwa msambazaji, pamoja na haki zake, akapewa fedha za mara moja. Basi. Kanda ikiuzwa miaka kumi, chake kilishaisha. Kwa hiyo urithi wa mwigizaji huyu uko mikononi mwa wafanyabiashara, na kwenye disiki zilizochubuka ambazo leo hata mashine za kuzichezea zimekuwa adimu. Mtafiti anayetaka kuilinganisha Uncle JJ na kazi zake za mwanzo ataanzia wapi? Vitabu vya Shaaban Robert vipo maktaba, ukitaka unavisoma. Filamu hizi unazitafuta kwa jirani.

Na wako waliozitafuta. Mmoja wa walioandika kwa kina kuhusu Dar 2 Lagos ni Matthias Krings, Mjerumani wa Chuo Kikuu cha Mainz. Alikuja Dar es Salaam, akatazama, akauliza watu, akaandika, na sasa mwanafunzi wa hapa akitaka kumnukuu mtu juu ya Kanumba inambidi amtafsiri yeye kutoka Kiingereza.