Mbwa Wetu na Simba wa 1994

Mwaka 1994, Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012), simba wa Serengeti walianza kufa. Nyuso ziliwachezacheza, wakatetemeka, wakaanguka kwa degedege. Wakafa takribani 1,000 kati ya 3,000.

Degedege peke yake haitambulishi ugonjwa. Sumu huileta, na kichaa cha mbwa vilevile. Madaktari wa mifugo walipopima damu na kuchunguza ubongo na mapafu ya mizoga, walikuta virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Basi vidole vikaelekezwa kwetu tuliopakana na hifadhi. Haikuwa bure. Usukumani mbwa hulinda boma na kufuata ng'ombe machungani, na miaka ile wachache mno walikuwa wamewahi kuchomwa sindano. Mbwa mdogo akitoka makamasi, akikohoa na kutetemeka, tulimwacha afe. Bwana mifugo naye angefanya machache: distempa haina dawa ya kuua virusi vyake hata leo. Mgonjwa huongezewa maji, hutibiwa maradhi yanayodandia, basi. Kinga ni chanjo.

Chanjo ikaja katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, ya distempa pamoja na ya kichaa cha mbwa. Kwa wazazi, nadhani, hiyo ya kichaa ndiyo iliyokuwa na maana; nani wa kumlilia simba aliyemla ndama wake?

Lakini kesi ya mbwa haikuishia hapo. Mwaka 2008 watafiti walieleza kwamba, kwa ushahidi wa damu iliyohifadhiwa, distempa ilikwisha kuwapitia simba angalau mara tano kati ya 1976 na 2006 bila kuwaua. Kwa nini basi 1994? Ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba waliwala, kupe wakawahamia na vijidudu vya babesia vinavyoharibu damu. Distempa ikashusha kinga ya mwili, babesia ikamaliza kazi. Mwaka 2015 utafiti mwingine ukaonyesha kuwa chanjo ilipunguza ugonjwa kwa mbwa, ila virusi viliendelea kuwafikia simba. Wanyamapori wengine nao huvibeba.

Chanjo ya mbwa haikuachwa kwa sababu hiyo. Kichaa cha mbwa bado kipo, na anayeng'atwa mara nyingi ni mtoto.