Kabla ya transista: valvu na watu wa Mlima Meru

Jamani, barabara ya Moshi hapa Arusha kuna sehemu inaitwa Philips. Tunapanda na kushuka daladala pale kila siku. Jina hilo limetokana na kiwanda cha redio. Lakini redio zile zilikuwa za transista. Leo nataka tuongee juu ya kilichotangulia: valvu.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, ndani yake mna waya unaopashwa moto mpaka utoe elektroni. Mwingereza Fleming aliivumbua mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kiungo cha tatu, na hapo ikawezekana kukuza sauti.

Majumbani zimekwisha. Waliobaki nazo ni wanaredio wa ridhaa, wale ambao alama zao za wito hapa Bara huanza na 5H3 (enzi ya mkoloni ilikuwa VQ3). Baadhi ya ampulifaya zao bado zinatumia valvu kama 3-500Z.

Kufufua valvu iliyolala miaka mingi kunataka subira. Zile ndogo za redio zina doa la fedha ndani ya kioo. Likigeuka jeupe, hewa imeingia, itupe tu. 3-500Z haina doa hilo. Unawasha feni na waya wa moto peke yake kwa saa kadhaa, kisha unapandisha umeme mkubwa polepole. Bamba lake likiwa jekundu kwa joto, hunyonya gesi iliyobaki. Ukiwa na haraka, cheche zinaruka ndani na valvu imekufa. Na wewe uangalie mikono: humo mna zaidi ya volti 2,000, ambazo hukaa kwenye kapasita hata baada ya kuzima.

Sasa sikilizeni hili. Waya wa 3-500Z hula volti 5 na ampea 14.5. Yaani zaidi ya wati 70 kabla haijatoa sauti yoyote! Valvu za redio za betri zilikula kidogo sana, lakini bado zilitaka betri mbili: ndogo ya waya, na kubwa, mara nyingi ya volti 90. Mwaka 1949 kule Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walianza kuuza redio ya betri ya bei nafuu kwa Waafrika. Bei nafuu yenyewe ilikuwa pauni 5.

Ndiyo maana namfikiria Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alikwenda New York kuuambia Umoja wa Mataifa jinsi Wameru walivyofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951. Watu wa mlimani walichanga pesa wakamtuma. Redio ya kwanza ya transista iliingia madukani Marekani mwaka 1954. Kwa hiyo mkulima aliyetoa shilingi yake, hata kama sauti ya Kirilo ingerushwa hewani, angehitaji valvu na betri zake ili aisikie.

Historia yetu tunapenda kuieleza kwa majina ya viongozi. Mimi nasema tuulize pia nani aliweza kusikia, na kwa gharama gani. Kama babu yako ana redio ya valvu stoo, usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Muulize kwanza: betri yake ilikuwa shilingi ngapi, na nani walikuja kusikiliza?