Korea Kusini na saratani iliyoletwa na mashine

Kuna kitu tunaambiana sana huku mtandaoni: pimwa mapema, ukijua mapema utapona. Kwa magonjwa mengi ni kweli kabisa. Lakini wasee, someni stori ya Korea Kusini kwanza.

Mwaka 1999 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima saratani, bure ama kwa bei ya chini. Thairoidi, ile tezi iliyokaa mbele ya shingo kama kipepeo, haikuwa kwenye orodha. Ila hospitali na kliniki ziliona biashara hapo. Si ushakuja? Ongeza kama dola 30 hadi 50 hivi, tukupige altrasaundi ya shingo. Haiumi, haina mionzi, dakika chache umemaliza. Nani angekataa?

Sasa cheki. Altrasaundi inatuma mawimbi ya sauti shingoni, yanarudi, na mashine inachora mpaka kivimbe cha milimita chache ambacho daktari hawezi kukihisi kwa vidole. Na vivimbe hivyo viko kwa watu wengi kuliko unavyodhani. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya kuchunguza thairoidi za maiti 101. Zaidi ya thuluthi zilikuwa na saratani ndogo ambayo mwenyewe hakuwahi kuijua. Watu waliishi nayo miaka yao yote bila kusumbuliwa.

Ukipitisha mashine kama hiyo kwenye shingo za nchi nzima, unajua kitakachotokea. Kufikia 2011, kiwango cha Wakorea wanaoambiwa wana saratani ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Mwaka huo mmoja walikuwa zaidi ya 40,000. Ikawa ndiyo saratani inayopatikana zaidi nchini.

Na vifo je? Vilibaki palepale, kama 300 hadi 400 kwa mwaka. Hiyo namba ndiyo ilinishtua. Kama ungekuwa mlipuko wa ukweli, makaburi yangeongezeka. Kama kupima kulikuwa kunaokoa watu, vifo vingeshuka. Hakuna kilichosonga.

Lakini karibu wote walipasuliwa. Wengi walitolewa tezi nzima, maana yake ni kumeza vidonge kila siku maisha yote. Karibu 11 kati ya kila 100 waliumizwa zile tezi ndogo zinazolinda kalisi mwilini. Wengine 2 kati ya 100 waliumizwa neva za sauti. Hiyo ni bei kubwa ya kutibu kitu ambacho pengine kingelala hapo milele.

Mwaka 2014 madaktari wachache wa hukohuko walijitokeza hadharani wakasema imetosha. Ndani ya mwaka mmoja upasuaji ulishuka kwa asilimia 35.

Kwa hivyo tutupe mashine? Zii. Altrasaundi haikudanganya mtu, ilionyesha kilichokuwepo. Walioharakisha kisu ni watu. Tangu 1993, Akira Miyauchi na wenzake pale Kuma Hospital, Kobe, Japani, walianza kuviangalia tu vivimbe vya saratani visivyozidi sentimita 1 vikionekana havina hatari, na vingi havikukua. Mwaka 2017 wataalamu wa picha wa Marekani walitoa mfumo wa pointi: kivimbe ni kigumu ama kina maji? Ni cheusi kwenye picha? Kimesimama wima kuliko upana wake? Kingo zimechongoka? Kina vidoa vyeupe? Hata kikipata pointi mbaya zaidi, kwa kawaida hakidungwi sindano ya kutoa seli kabla ya kufika sentimita 1.

Mimi si daktari. Ukihisi uvimbe shingoni, sauti ikikwaruza kwa wiki kadhaa, kumeza kukikusumbua, ama kwenu kuna mtu aliwahi kuugua saratani hii, nenda hospitali leo. Altrasaundi ilitengenezewa watu kama wewe.

Lakini kama uko poa na mtu anakuuzia picha ya shingo ndani ya ofa ya kupima mwili mzima, muulize swali ambalo Wakorea wengi hawakuuliza: mkipata kitu kidogo, mtakifanyia nini? Akianza kuzungukazunguka, rudisha simu mfukoni. Usilipe.